Kisu Kilicho Karibu na Mkono

Vijana wanaoanza kazi ya bahari huniuliza swali lile lile kila mara: "Mzee, ninunue kisu gani?" Wanataka niwatajie duka, bei, au nchi kilikotengenezwa. Nami huwauliza la kwangu kwanza: "Kamba ya nanga ikikunasa mguu usiku, chombo kinakwenda na maji yanakuvuta, kisu ulicho nacho sasa kiko wapi?"

Wengi hunyamaza kidogo, kisha wanasema: kwenye kapu. Chini ya nyavu. Anacho nahodha. Kisu cha namna hiyo, hata kingekuwa kimefuliwa na fundi bingwa wa pwani nzima, siku hiyo hakitamsaidia mtu.

Sura hii inaeleza jinsi ya kupata kisu kinachofaa, jinsi ya kupanga kamba na nyavu, na jinsi ya kuvuta mzigo bila kuumia. Mambo haya matatu nimeyaweka pamoja kwa sababu chomboni hayatengani. Kamba ikipangwa vibaya, mvutaji huumia. Mvutaji akinaswa, hukimbilia kisu. Na maandalizi ya yote matatu hufanyika nchi kavu, kabla ya kushua.

Kwa nini Namoto

Mifano mingi ya sura hii nimeiweka Namoto. Ni kituo cha mpakani upande wa Msumbiji, ukingo wa kusini wa Mto Ruvuma, wilaya ya Palma. Ng'ambo ni Kilambo, mkoa wa Mtwara, Tanzania. Watu wa huku huongea Kimakonde, Kimakwe, Kimwani, Kiswahili na Kireno, na mara nyingi mtu mmoja huzichanganya tatu kabla hajafika sokoni. Wanavua, wanavusha mizigo, na mto wanaujua kwa mafungu yake ya mchanga, viboko wake na mamba wake.

Hapa mto unakaribia kuingia baharini, kwa hiyo kupwa na kujaa kwa bahari husikika hadi ndani. Wakati wa bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hupungua sana. Ukielewa jambo hili moja, utaelewa ajali nyingi. Kamba iliyolegea asubuhi, adhuhuri imekazika kama waya. Mahali ulipopita unaelea, jioni unasukuma chombo kwenye mchanga.

Nchi hii pia imeumia. Tangu Oktoba 2017 mkoa huu wa Cabo Delgado umekuwa na vita, na Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulishambuliwa. Wavuvi wengi walikimbia wakaacha vyombo na nyavu, na waliorudi wengi wao wameanza upya. Anayeanza upya hana fedha ya kupoteza kwenye kifaa kibovu, na nyumba inayomtegemea haiwezi kumpoteza yeye. Ndiyo maana sitaki kuandika jambo hili kijuujuu.

Kisu cha chomboni si kisu cha jikoni

Kisu cha jikoni hukata kitu kilicholala juu ya ubao, mbele ya mtu aliyesimama imara. Kisu cha chomboni hukata kamba iliyokazika, mkono umelowa, miguu inateleza, na mwenzako yuko nusu hatua kutoka kwako. Kwa hiyo umbo lake ni tofauti:

- Bapa fupi. Sentimita 9 hadi 12 zinatosha. Bapa refu humfikia mwenzako kabla halijaifikia kamba.
- Ncha butu. Mabaharia wa zamani walivunja au kuzungusha ncha za visu vyao, kwa sababu chombo kikipigwa wimbi mtu huangukia chochote alichoshika. Kamba hukatwa kwa makali, wala haichomwi kwa ncha.
- Mgongo mnene kiasi. Upande usio na makali uwe na unene wa milimita 3 hivi, ili uweze kuusukuma kwa kiganja.
- Mpini wenye kizuizi. Sehemu ya mbele ya mpini iinuke kidogo, vidole visitelezee kwenye makali.

Cha kupasulia samaki kiwe kingine: chembamba, chenye ncha, kinachopinda kidogo. Kikae na ubao wa kupasulia. Mvuvi anayetumia kimoja kwa kazi zote hukitia butu kwenye magamba na mifupa, na siku ya kamba hana kisu. Ncha butu ina faida nyingine siku hizi: mahali penye ukaguzi, kisu kifupi kisicho na ncha, kikiwa ndani ya ala pamoja na vifaa vya uvuvi, kinaonekana wazi kuwa ni cha kazi.

Kufua: chuma, moto, mafuta

Visu vingi vya dukani vya bei ndogo ni vya chuma laini kisichoshika kutu. Hung'aa mwaka mzima, lakini makali hayakai. Mhunzi wa kijijini anaweza kukufanyia bora zaidi kwa spring kuukuu ya gari, zile bapa zinazobeba ekseli. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha, yaani ile chembechembe inayokiwezesha kuwa kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla. Ubaya wake ni kutu, na kutu ina dawa, kama tutakavyoona.

Unapomwendea mhunzi, mwangalie kazini. Mvukuto unapumua, makaa yanageuka meupe katikati, chuma kinatoka na koleo kikiwa rangi ya chungwa na kulazwa juu ya fuawe. Fundi mzuri hupiga mapigo machache mazito, kisha hukirudisha motoni kabla hakijawa chekundu cha kufifia, maana chuma kikipigwa kimepoa hupata nyufa zisizoonekana. Ufa huo ndio utakaovunja kisu chako miaka miwili baadaye.

Baada ya kufua na kupiga tupa, kuna hatua mbili zinazoamua kila kitu.

Kukigumisha. Chuma hupashwa moto tena na kujaribiwa kwa sumaku. Kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku huacha kukishika. Hapo fundi huongeza moto kidogo, halafu anakichovya kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Maji hupoza haraka mno, na bapa jembamba la spring linaweza kupasuka mle mle majini. Ukipitisha tupa kwenye makali nayo ikateleza bila kuuma, kisu kimekuwa kigumu.

Kukipunguzia ugumu. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Hung'arishwa kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane, kisha hulazwa juu ya kipande kinene cha chuma cha moto, mgongo ukitangulia. Angalia rangi inavyotembea: kwanza manjano hafifu kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho buluu. Makali yakifika manjano inayoelekea kahawia, karibu nyuzi 230, kiondoe upesi. Buluu kwenye mgongo ni sawa, kwa sababu mgongo unatakiwa upinde bila kuvunjika. Buluu ikifika kwenye makali, makali hayatakaa, na kazi ianze upya.

Mambo matatu ya usalama kwa fundi na kwa wewe unayetazama:

1. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Mafuta yakishika moto, yafunike. Usiyamwagie maji hata kidogo.
2. Usitie motoni bomba au bati lililopakwa zinki. Moshi wake huleta homa na kubana kifua.
3. Kinga macho. Kipande kidogo cha chuma kinachoruka hakiulizi uzoefu wa mtu.

Mpini na ala

Cabo Delgado na kusini mwa Tanzania ni nchi ya mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wameupeleka duniani kote. Mpingo hauozi kwa urahisi na haunywi maji, lakini ni mzito, lita moja yake hupita kilo 1.2, na hupasuka ukipigiliwa bila kutobolewa. Toboa tundu kwanza, halafu tia ribiti za shaba. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo funga kitambaa usoni. Mkwaju nao unafaa, ni mgumu na unavumilia.

Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, uende mpaka mwisho wa mpini. Visu vingi vya bei ndogo vina msuka mfupi kama kidole. Siku ya kukata kamba nene, mpini hubaki mkononi na bapa likaenda chini.

Usiufanye mpini ung'ae. Mbao iliyopakwa vanishi huteleza ikipata utelezi wa samaki. Uzungushie uzi mzito wa kushonea nyavu, uukaze, mkono upate pa kushika. Ala iwe ngumu, yenye tundu chini la kutolea maji, na ikibane kisu hata ukiigeuza juu chini.

Kunoa: sentimita moja

Watu hunoa kwa kukisia, ndiyo maana kisu kimoja hukata kama wembe leo na kesho kama kijiko. Chukua kipimo hiki. Ikiwa bapa lako lina upana wa sentimita 3, lilaze juu ya kinoo kisha uinue mgongo sentimita 1. Hapo una pembe ya nyuzi kama 20, inayofaa kwa kamba. Kisu cha kupasulia kiinuliwe kidogo chini ya hapo. Noa pande zote mbili sawasawa.

Kisu cha kamba kisinolewe mpaka kilainike kabisa. Kinoo chenye chembe kubwa kiasi huacha vijimeno vidogo ambavyo macho hayavioni, na vijimeno hivyo ndivyo vinavyoshika nailoni. Makali laini mno huteleza juu yake.

Jioni kisuuze kwa maji ya kisima, kikaushe, kipake mafuta ya nazi kidogo. Kazi ya dakika moja, na hiyo ndiyo dawa ya kutu niliyoahidi.

*Kwa ufupi: bapa fupi, ncha butu, spring ya gari, msuka mrefu, mpini usioteleza, mafuta ya nazi kila jioni.*

Kamba na nyavu: kila moja ina tabia yake

Kamba za zamani za pwani zilikuwa za makumbi ya nazi na katani. Zilioza, lakini zilimwonya mtu: zilitoa nyuzi, zikalia, ndipo zikakatika. Kamba za leo zina tabia nyingine.

- Nailoni huzama na kurefuka. Mita 10 zinaweza kuvutika kwa mita 2 na zaidi kabla ya kukatika. Inafaa kwa nanga kwa sababu hupokea mshtuko wa wimbi. Ikikatika, hurudi kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa.
- Polipropilini, ile ya plastiki ya rangi, huelea. Inafaa kwa maboya na kwa kamba ya kumtupia mtu majini. Jua huila: ukiikunja ikitoa unga mweupe, imekwisha.

Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi au hata nusu. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye fundo ndipo pembamba pake.

Sasa urefu wa kamba ya nanga. Tuseme umetia nanga nje ya mdomo wa Ruvuma maji yakiwa yamekupwa, kina mita 2. Kanuni ya kawaida ni kamba mara tatu ya kina kwa uchache, kwa hiyo umelegeza mita 6, ukalala. Baada ya saa 6 maji yamejaa, kina ni mita 5. Kamba yako sasa imesimama kwa mwinuko mkali, nanga inang'oka au omo, yaani mbele ya chombo, inavutwa chini na wimbi linaingia. Ulitakiwa uwe na mita 15. Daima hesabu kina cha maji yakijaa.

Nyavu nazo zina utaratibu wake. Jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa papa na taa, hupakiwa kwa mpango: kamba ya juu yenye maboya upande mmoja, kamba ya chini yenye risasi upande wa pili, na katikati wavu ukilazwa tabaka juu ya tabaka. Mtegaji asimame nyuma ya wavu, kamwe si ndani ya mikunjo yake. Asivae saa, pete wala shati lenye vifungo vilivyo wazi; jicho la wavu hushika kifungo na kumvuta mtu kama lilivyomvuta samaki.

Kuvuta

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame kwa magoti. Unapovuta wavu, piga goti moja kwenye ubavu wa chombo au tanua miguu, mgongo unyooke, vuta kwa uzito wa mwili. Mikono ishike tu. Vuteni wawili kwa zamu, na msimamo ubadilishwe upande kila baada ya muda, maana mgongo wa mvuvi huharibika kwa kuvuta upande mmoja miaka ishirini.

Makosa manne yanayokata vidole na kuvunja miguu:

1. Kuzungusha kamba kwenye kiganja. Ishike, usijifunge nayo. Unayoishika utaiachia, uliyojifunga itaondoka nawe.
2. Kukanyaga ndani ya kitanzi. Kamba iliyolegea sakafuni ni mtego. Ikunje au itie ndani ya ndoo.
3. Kusimama kwenye mstari wa kamba iliyokazika. Ikikatika, itakujia wewe. Simama pembeni.
4. Kuvuta kila mtu kwa wakati wake. Awepo mmoja wa kuita. Neno "harambee", ambalo Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, ni mwito wa watu wanaovuta pamoja. Wanaovuta bila mwito hugawana mzigo vibaya, na mara nyingi aliye dhaifu ndiye anayebaki nao.

Kwa mzigo mzito, tumia kapi, ambalo wengine huliita roda. Kapi lililofungwa juu tu hubadilisha mwelekeo wa kuvuta. Kapi likifungwa kwenye mzigo wenyewe na kamba ikapita ndani yake, nguvu inayotakiwa hupungua hadi karibu nusu, ila utavuta kamba urefu mara mbili.

Na tahadhari na kamba mbili zinazobeba mzigo mmoja. Mzigo wa kilo 100 ukining'inia kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila moja hubeba kilo 50. Zitanue mpaka kila moja iwe nyuzi 30 tu juu ya usawa, na kila moja hubeba kilo 100. Zitanue zaidi mpaka nyuzi 15, na kila moja hubeba karibu kilo 190. Mzigo haukuongezeka, kilichobadilika ni pembe.

Kupandisha chombo na kuvusha mzigo. Mashua ikivutwa ufukweni juu ya magogo, wavutaji wakae mbele na ubavuni. Asikae mtu nyuma yake upande wa mteremko, na anayehamisha magogo asiingize mkono chini ya mkuku. Msisubiri upepo ndipo mtafute magogo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwa upepo wa namna hiyo, chombo kilichoachwa kwenye mstari wa maji ni kuni.

Mnapovusha mzigo, tuseme pikipiki na magunia ya mchele, vizito vikae chini na katikati. Pikipiki ifungwe kwa fundo linalofyatuka, yaani lile ambalo ukivuta ncha moja linaachia lote. Abiria asikae kati ya mzigo na ubavu wa chombo, na kamba ya mzigo isipite juu ya mapaja ya mtu. Chombo kikipinduka, mzigo uende peke yake.

Ukiumia

Jeraha la kisu: bana kwa kitambaa safi, bila kufunua, dakika 10 hadi 15, mkono ukiwa juu. Ukichomwa na mwiba wa taa, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90. Maumivu hupungua sana. Mwiba uliochoma kifua, tumbo au shingo usiung'oe, wahi hospitali. Na kila mvuvi apate chanjo ya pepopunda, maana kutu na matope ni wenzake wa kila siku.

Kabla ya kushua

1. Nanga ina kamba ya kutosha maji yakijaa?
2. Kamba zote zimekunjwa, sakafu iko wazi?
3. Wavu umepakiwa tabaka kwa tabaka?
4. Nani ataita wakati wa kuvuta?
5. Kisu kiko wapi?

Nimeliweka swali la tano mwisho kwa makusudi. Kisu kimoja kifungwe kwa kigwe kwenye mlingoti au kwenye boriti ya kati, mahali ambapo kila aliyemo anapafikia. Kingine kikae kifuani mwako, ndani ya ala yake. Kisha, chombo kikiwa bado mchangani, fumba macho. Kitoe kwa mkono wa kulia, kirudishe. Kitoe kwa mkono wa kushoto, kirudishe. Mkono mmoja ukishindwa, hamisha ala sentimita chache ujaribu tena, mpaka mikono yote miwili ikifikie bila kutafuta. Huwezi kujua kamba itakuachia mkono upi.